Wawili wa Kumgeuza Mama

Ndani ya basi, bibi wa kiti cha dirishani alijifanya anasinzia, kumbe masikio yalikuwa wazi. Mbele yake, dada aliyepakata nepi za mgonjwa alikuwa akimsema mwanakwaya mwenye sare.

"Mlikuja nyumbani kumwona mama kumi na wawili, mkaimba nyimbo tatu. Nikaomba wawili tu wabaki tumgeuze mama, mgongo umechubuka. Mkatazamana, mkaondoka."

Bibi aliwaza kwamba nyimbo tatu ni ndefu kwa anayelalia kidonda.

"Ratiba ilikuwa na wagonjwa wengine watano, mpendwa. Sisi tunamtii kiongozi."

"Na Yesu yumo kwenye hiyo ratiba?"

Mwanakwaya alinyoosha kola yake. "Usiwe na uchungu. Mimi nakupenda."

"Basi njoo leo saa kumi. Peke yangu simwezi tena."

"Leo tuna mazoezi."

Basi likasimama mbele ya kanisa. Mwanakwaya aliinuka haraka, akasahau mfuko wake wa vitabu vya nyimbo. Dada akaubeba, akamfuata nao mlangoni, akamshika mkono mpaka alipokanyaga chini.

"Asante, mpendwa. Tutawaombea."

"Saa kumi," dada akasema, na mlango ukafungwa.