Sauti ya Juu ya Denzil Stidham

Marehemu Denzil Ray Stidham alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika bonde la Spruce Fork, kaunti ya Letcher, Kentucky. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Hobart Stidham, mchimba makaa, na Bi. Lottie. Wa pili, na wa mwisho, ni Verlin, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Pale mtakaposikia Verlin anasemwa vibaya, msitafute mchawi, ameyaandika mwenyewe.

Alisoma shule ya bondeni hadi darasa la nane, mwaka 1955. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mandolini ya babu yake, kigitaa kile cha nyuzi nane, aliimudu tangu akiwa na miaka sita. Kanisani mama yao aliwagawia sauti: Verlin akapewa ile inayobeba wimbo, Denzil akapewa ya juu, nyembamba, inayopanda hadi msikilizaji anakosa la kufanya na mikono yake. Walizoea kuvuta pumzi pamoja, kama watu waliolala kitanda kimoja tangu utoto, na kweli ndivyo walivyolala.

Mwaka 1959 aliingia mgodini, akafanya kazi humo miaka thelathini na miwili. Jumamosi zilikuwa za bluegrass, muziki wa nyuzi wa milima yetu: banjo, fidla, gitaa, besi kubwa ya mbao na mandolini yake, wote wamekizunguka kipaza sauti kimoja. Mwenye zamu alisogea, aliyemaliza alirudi nyuma. Ngoma hawakuwa nayo. Mkono wa Denzil, ukizichapa nyuzi za mandolini, ulitosha.

Tarehe 14 Agosti 1971, kwenye maonyesho ya kaunti, Verlin alileta mpiga ngoma, gitaa la umeme, na kila mtu kipaza sauti chake.

"Hivi vyote vya nini?" Denzil aliuliza. "Kwani tumegombana?"

"Kaka, ndiyo kantri hiyo. Watu siku hizi wanataka kucheza. Kila mtu na chake, unasikika vizuri."

"Mimi nasikika vizuri nikiwa karibu yako."

"Basi kaa na uzee wako huo!"

Denzil alikuwa na miaka thelathini. Aliitia mandolini kwapani, akashuka jukwaani. Verlin akaenda Nashville, mji wenyewe wa kantri, akapata nyimbo mbili redioni na kofia nyingi. Kantri si muziki mbaya, na aliyekula kwayo miaka yote hii hawezi kuitukana. Ni jirani wa bluegrass, ukuta kwa ukuta. Ila kantri humweka mmoja mbele na wenzake nyuma yake, na Verlin alichelewa kugundua kwamba aliye mbele haoni uso wa mwenzake.

Marehemu alifunga ndoa na Oma Jean Caudill tarehe 3 Juni 1967, wakajaliwa binti mmoja, Tressie. Jioni, baada ya maharage na mkate wa mahindi, alikaa barazani akaimba sauti ya juu peke yake, na pale penye sauti ya mdogo wake akanyamaza, akingoja.

"Baba Tressie, majirani watasema umerukwa na akili," Oma Jean alimwambia. "Unaimba nusu wimbo!"

"Nusu nyingine iko Nashville, mama. Niifanyeje?"

Vikundi vitatu vilimwomba aimbe navyo. Alivijibu vyote kwamba mahali pa kando yake pana mwenyewe.

Mwaka 2009 madaktari walimkuta na vumbi la makaa mapafuni, na kufikia 2014 alikuwa akipumua kwa mrija. Tarehe 28 Septemba Verlin alifika. Kutoka Nashville ni mwendo wa saa sita kwa gari, naye alikuwa ametumia miaka arobaini na mitatu. Kiburi kilimpotezea hiyo miaka, wala hana wa kumsingizia.

Denzil hakumuuliza habari za njiani. Alisema, "Anza."

Verlin alianza, akaimba ubeti wote bila kutua.

"Rudia. Umenifungia mlango."

Akarudia, safari hii akiacha nafasi. Sauti ya juu haikutoka, pumzi haikuwepo. Denzil akagonga ubao wa kitanda kwa vidole, palepale mandolini ilipokuwa ikigonga zamani.

"Kaka, si ulikataa ngoma wewe?"

Denzil alicheka hadi pumzi ikamwishia, Oma Jean akamfukuza Verlin chumbani.

Alifariki nyumbani kwake Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2014, asubuhi. Ameacha mjane, Oma Jean, binti, Tressie, wajukuu wawili, Colby na Lorna, na mdogo wake.

Baada ya kusoma haya Verlin ataimba. Kipaza sauti ni kimoja, naye atasimama upande wa kulia, alipozoea. Wengi wenu hapa mnaijua ile sauti ya juu, na huruma itawasukuma kuipokea. Mnaombwa sana msiipokee. Verlin ataacha nafasi, na wote tutangoja.

Mungu amrudishie Denzil pumzi yake, apumzike.