Kopo la Biskuti la Mama Rangi

Dada yetu, ambaye wateja wake walimjua kwa jina la Mama Rangi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa karani wa posta na mkewe mshonaji. Alifuatiwa na wavulana wawili, akatulea kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kandambili. Mimi ninayesoma hapa ndiye kitinda mimba.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974 na kidato cha nne mwaka 1978. Mwalimu wake wa sayansi aliandika kwenye ripoti: "Ana akili, ila hasikii la mtu." Baba aliisoma ripoti ile akacheka mpaka akakohoa.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha vikombe na sahani za bati zilizopakwa enameli, ule utando wa kioo kilichoyeyushwa, akikagua vyombo vilivyotoka motoni. Tarehe 6 Aprili 1985 aliolewa na fundi umeme, mtu mpole kuliko sisi sote, wakajaliwa binti mmoja. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1991, dada alijiuliza: kama kikombe cha chai kinavikwa kioo, hereni inashindwa nini? Shemeji akamjengea tanuru la umeme kwa mikono yake. Naye shemeji alitangulia mwaka 2012.

Kazi alijifunza kwa sonara aliyeitwa Mzee Miwani. Unga wa kioo cha rangi hunyunyizwa juu ya shaba, kisha huyeyushwa kwenye tanuru mpaka ushike. Mzee alimwambia apake na upande wa nyuma, la sivyo uso utapasuka ukipoa. Dada akamjibu, "Nyuma nani atapaona, mzee wangu?" Hereni kumi na nne zikapasuka, tik, tik, mzee anakunywa chai yake tu. Dada alizitia zote kwenye kopo la biskuti na hakumwonyesha mtu.

Baadhi ya ndugu wameniomba niruke sehemu inayofuata. Siruki. Mwaka 2020 binti yake, aliyekuwa akijifunza kazi kwake, alitoa kidani cha bibi harusi kwenye tanuru akakiweka dirishani, kwenye upepo, ili kipoe haraka. Kikapasuka. Dada akamwambia mbele ya mteja, "Mikono yako haifai kazi hii. Toka mezani kwangu." Mpwa wangu akatoka kweli, akapata kazi kwenye duka la dawa, na kwa miaka mitatu hawakusemezana. Nilimkasirikia dada yangu, na alijua.

Wakati huo kisukari kilikuwa kinamla macho. Kufikia Juni 2023 figo nazo zilichoka, na rangi alikuwa hazioni tena. Mezani kulibaki kidani kimoja cha buluu, kimepita motoni mara tano, bado mara moja. Akaniambia, "Niitie mwanangu."

Alikuja Jumamosi tarehe 5 Agosti, akasimama mlangoni na mkoba begani. Kukaa hakukaa. Dada akamsukumia lile kopo.

"Fungua. Kumi na nne ni zangu. Hicho kidani cha juu ni chako."

"Mama, ulikiweka?"

"Ningekitupa wapi?"

Mpwa wangu akatua mkoba. Akakiingiza kidani cha buluu motoni, mama yake ameketi, uso kaelekeza kwenye joto.

"Kikoje?"

"Chenga chenga kama sukari, mama."

"Sasa?"

"Vipele vipele, kama ganda la chungwa."

"Sasa?"

Mpwa wangu akainama karibu na mlango wa tanuru. Kikizidi kidogo tu, rangi inaungua.

"Mama, nitoe?"

"Mimi sioni, mwanangu. Toa unapoona wewe."

Akakitoa. Akakiweka juu ya tofali lenye joto, mbali na dirisha, nasi watatu tukakaa kusikiliza kama kitalia. Zikapita dakika ishirini, hatukusikia kitu. Dada akasema, "Basi. Meza ni yako."

Alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti mmoja na wadogo zake wawili. Kidani cha buluu ndicho hicho shingoni mwa binti yake, kwa hiyo mkimkumbatia, mumkumbatie taratibu.

Pumzika kwa amani, dada. Usitege sikio tena. Hakijapasuka.