Uso Aliouchagua Mzee Leonardi

Baba Padre, wazee wetu, majirani wa Temeke na nyote mliokaa nasi msibani tangu Jumapili, familia imenituma niwasomee maisha ya marehemu, na kwa kuwa wengi mmekuwa mkijiuliza kwa nini daktari wa macho alikaa kipofu miaka mitatu huku dawa akiijua, jibu nalo limo humu.

Marehemu Leonardi Anselmo alizaliwa mwaka 1899 katika kijiji kimoja jirani na Masasi, mtoto wa tatu wa Mzee Anselmo, mchonga mipini ya majembe, na alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1908 hadi vita vilipoifunga mwaka 1914, akachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na huko kila aliyeumwa macho kwa vumbi alimsumbua kwa maswali, anaona nini, kivuli kina rangi gani, hadi wenzake wakamchoka.

Mwaka 1921 aliajiriwa kufagia wodi katika hospitali ya misheni, na daktari alipomfuma akichungulia macho ya wagonjwa, badala ya kumfukuza alimfundisha kazi, na marehemu akawa hodari wa kutoa mtoto wa jicho, kwa mkono usiotetemeka aliourithi kwa baba yake.

Mwaka 1926 aliletwa binti aitwaye Sesilia, ambaye hakuona tangu utotoni, na mjomba wake akamwacha hospitalini akawahi shamba, hivyo siku ya kufungua bandeji hapakuwa na ndugu, alikuwapo Leonardi peke yake, ambaye alimvisha miwani minene, naye Sesilia akamtazama kwa makini akauliza, "Kwani siku hizi watu wamekuwa hivi?" Marehemu akamjibu kwamba wengine wamezidi. Walifunga ndoa kanisani tarehe 8 Januari 1927, na watani wake hawakuacha kusema kwamba bibi harusi alikubali kwa kukosa wa kumlinganisha naye. Mungu aliwajalia watoto wawili, dada yetu Adelina, na Benedikto, ambaye ndiye mimi ninayesoma.

Lakini upweke wa Sesilia siku ile ulimuuma sana marehemu, akajiwekea kanuni kwamba hampasui mgonjwa yeyote kabla hajataja uso anaotaka kuuona kwanza, na mwenye uso huo lazima awepo. Alihamia hospitali ya serikali Dar es Salaam mwaka 1938 akiwa na kanuni hiyo hiyo, na Mzee Sadallah wa Mtoni, aliyetaja wake zake wawili kwa pamoja, alirudishwa nyumbani akafikiri upya. Alistaafu mwaka 1961, mwezi mmoja kabla ya Uhuru, akaitwa tena kufundisha waganga vijana, na Daktari Kamugisha, aliyekaa pale mbele, ni mmoja wao.

Mwaka 1969 mama yetu aliitikia wito wa vijiji vya Ujamaa akarudi Masasi, marehemu akakataa, akisema wagonjwa wake hawahamishiki, wakatengana kwa maneno makali, na tangu hapo huyu hakuomba, yule hakuja bila kuombwa. Macho ya marehemu yalipozibwa kabisa na mtoto wa jicho mwaka 1971, majirani walisema anaogopa kisu, wengine wakasema amerogwa, kumbe kila alipokwenda kwa Daktari Kamugisha aliulizwa swali lake mwenyewe, ataje uso, akanyamaza, na mwanafunzi wake akamrudisha nyumbani, maana kanuni ni kanuni. Mimi na Adelina tulijitolea nyuso zetu, akazikataa bila hata kutuonea haya.

Mwezi Machi mwaka huu, kifua kilipoanza kumsumbua na akajua hana muda mrefu, alilitaja jina la Sesilia. Adelina alimfuata mama, lakini mvua zilikuwa zimekata barabara ya Rufiji, na daktari, akikiogopa kifua kile, alifanya upasuaji kwa ahadi kwamba bandeji haifunguliwi kabla mama hajafika. Marehemu alilala chali, mifuko ya mchanga kila upande wa kichwa kisitikisike, akiuliza kila mlango ulipolia ni nani, nasi tuliogopa kwamba kifua kitamshinda kabla mama hajafika.

Mama alifika kwa meli ya Mtwara, akaketi kitandani bila salamu, bandeji ikafunguliwa, akamvisha miwani. Marehemu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kwani siku hizi watu wamekuwa hivi?" Mama akamjibu, "Wengine wamezidi, Baba Adelina."

Aliishi wiki sita zaidi, akimfuata mama kwa macho popote alipopita, na alifariki nyumbani hapa Temeke Jumapili tarehe 19 Mei 1974, alfajiri.

Familia inamshukuru Daktari Kamugisha na wauguzi wake, wafanyakazi wenzake wa zamani, majirani mliotuletea kuni na maji, na Mzee Sadallah, ambaye mpaka leo hajatuambia alimchagua mke yupi. Macho ya marehemu yamefumbwa na mama mwenyewe, hakutaka mwingine ayaguse.

Baba, uso wa mwisho nao ulikuwa ule ule. Pumzika kwa amani.