Wimbo Uliokatika Konani
Maisha ya marehemu Ladislaus Vitalis Chilumba, mpiga kodiani wa Makote (1934–1997)

Ndugu waombolezaji, majirani wa Makote, na jamaa mliofika kutoka Lukuledi, Masasi na Newala mjini: aliyelala mbele yetu ni Ladislaus Vitalis Chilumba, Baba Flora. Wengi wenu mlizoea kumwona akiwa ametangulia jeneza la mtu mwingine. Leo jeneza ni lake.

Alizaliwa Lukuledi, wilaya ya Masasi, tarehe 27 Juni 1934, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Vitalis Chilumba na Mama Anjelina. Wawili waliomtangulia walifariki wakiwa bado wananyonya, na kwa sababu hiyo mama yake aliogopa kumweka chini. Alimbeba mgongoni shambani, kisimani na kanisani. Marehemu alipenda kusema kwamba kabla hajajua kutembea alikwishajua uzito wake, kwa jinsi mama alivyokuwa akihema.

Alisoma katika shule ya misheni ya Lukuledi kuanzia mwaka 1943, akamaliza darasa la nane mwaka 1951. Pale misheni palikuwa na bruda mmoja mgeni, fundi seremala, aliyekuwa na kodiani kubwa nyeusi. Watoto walikimbia walipoiona kwa mara ya kwanza, maana ilikuwa inavuta pumzi na kuitoa kama mgonjwa. Ladislaus hakukimbia. Aliomba kushika mvukuto wake ili ahisi upepo unatokea wapi. Miaka ile ya shule bruda alimfundisha baada ya vipindi, na aliporudi kwao mwaka 1962 alimwachia kodiani hiyo. Ilikuwa na vifungo vya besi mia na ishirini, na uzito wake ulikuwa kilo kumi na mbili na nusu. Uzito huo tunaujua kwa uhakika kwa sababu marehemu mwenyewe aliipima.

Kazi yake ilikuwa mizani. Kuanzia mwaka 1953 alipima korosho Masasi, na mwaka 1964 akawa karani wa mizani wa ushirika hapa Makote. Hakuna mkulima anayekumbuka kupunjwa naye. Mwaka 1992, wanunuzi binafsi walipoanza kufika na magari yao na mizani yao, ghala la ushirika lilifungwa, akarudi shambani. Hakulalamika sana. Alisema tu kwamba sasa watu wanauza haraka kuliko wanavyopima.

Lakini mlimjua zaidi kwa kodiani. Alipiga kwenye harusi, komunyo ya kwanza na sikukuu za kijiji, na zaidi ya yote alipiga kwenye mazishi. Alikuwa na utaratibu wake. Alianza kupiga mlangoni mwa aliyefariki, akatembea mbele ya jeneza, na hakuruhusu wimbo ukatike mpaka kaburini, hata njia iwe ndefu na mchanga uwe mzito. Aliamini kwamba wimbo ukikatika njiani, anayezikwa husimama pale ulipokatikia. Padre alimweleza kwa upole kwamba Mungu hahitaji kodiani ili kumpokea mtu. Alijibu, “Mungu hahitaji, Padre. Anayehitaji ni yule anayetembea.”

Alikuwa na rafiki mmoja ambaye hatuwezi kueleza maisha yake bila kumtaja. Ni Mzee Abdulrazaki Sultani, Baba Stamili, wa Newala mjini, aliyekuwa akipiga kodiani katika kikundi cha taarabu. Walikutana mwaka 1966 kwenye harusi moja Newala. Mvukuto wa Baba Stamili ulipasuka katikati ya shughuli, na Ladislaus, aliyekuwa mgeni mwalikwa, akauziba kwa kiraka cha mpira wa baiskeli. Kuanzia siku hiyo walitembeleana kwa miaka thelathini na moja, na karibu kila walipokutana walibishana. Baba Stamili alipenda kodiani ya vifungo pande zote mbili. Marehemu alitaka ya vibonyezo vyeupe na vyeusi kama kinanda cha kanisani. Walizungumza habari za vilimi vya chuma vinavyotoa sauti, mikanda na mvukuto kama wengine wanavyozungumza habari za watoto wao.

Tarehe 10 Oktoba 1959 alifunga ndoa na Winfrida Nikolao, katika kanisa la Lukuledi, na baadaye akahamia hapa Makote kwa wakwe zake. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mama Flora hakupenda kodiani ndani ya nyumba. Aliiita “yule mwenzangu”, na alisema mwenzake huyo anakaa kwenye kiti kizuri na halimi. Siku moja, mbele ya wageni, Baba Flora alitaka kumpigia wimbo naye alikuwa anapepeta mahindi. Mama Flora alimwambia, “Niache nifanye kazi. Utanipigia siku ya kunizika. Mlangoni mpaka kaburini, na usinikatie.” Watu walicheka, na Baba Flora alicheka pia. Alijibu, “Nitakupigia.”

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1988. Wengine walisema ni vumbi la salfa ya kupulizia mikorosho, wengine wakasema ni vumbi la ghalani. Daktari wa Newala alisema moyo umepanuka na hapaswi kubeba kitu kizito. Aliendelea kubeba kodiani. Mazishi ya kijiji hayakupungua, na wapigaji wengine hawakuwapo.

Mama Flora alifariki tarehe 14 Mei 1994, akazikwa kesho yake. Baba Flora alikataa kupokewa kodiani. Alijifunga mikanda, akaanza mlangoni, akatembea vizuri hadi kwenye kona ya mikorosho mitatu, katikati ya njia ya makaburini. Pale pumzi iliisha. Mvukuto ulifunguka wote na mikono yake ikashindwa kuurudisha. Watu walimpita kwa heshima, jeneza likampita, na sehemu iliyobaki ya njia ilisikika miguu tu kwenye mchanga.

Kuanzia hapo hakuwa mtu yule yule. Kila jioni alikwenda konani, akavua kofia, akasimama. Waliopita walimsikia akitoa habari za nyumbani: nani amejifungua, mbuzi gani amepotea, bei ya korosho imefika wapi. Akisalimiwa na wapita njia alijibu, “Tupo.” Hakusema “Nipo”. Jirani mmoja, Mama Upendo, alianza kupita njia ya mbali ili asimkute pale, na hatumlaumu.

Alisema kwamba deni lake ni kipande cha njia kutoka konani mpaka kaburini, na kwamba ataumaliza wimbo siku atakapopata kodiani nyepesi. Ndipo yeye na Baba Stamili walipoanza kuitafuta. Miaka hiyo bidhaa za kila aina zilikuwa zinaingia, na Masasi karibu na kituo cha mabasi alikuwapo Sadallah, muuza vitu vya mitumba, aliyeahidi kuwatafutia Dar es Salaam. Ya kwanza aliyoleta ilikuwa ya kuchezea watoto.

“Mzee, ulisema nyepesi,” Sadallah alisema. “Hii hata kuku anaibeba.”

“Basi mpe kuku apige,” alijibu Baba Stamili.

Ya pili ilikuwa nzuri, lakini marehemu alisema mvukuto wake mgumu. Ya tatu ilivuka Ruvuma na watu waliorudi kutoka Msumbiji. Ilikuwa nyepesi na sauti yake ilikuwa tamu, ila ilikuwa ya vifungo. Marehemu alisema yeye si mtu wa vifungo.

“Tangu lini vifungo vikawa na dini?” aliuliza Baba Stamili. “Miye nakufundisha kwa wiki moja.”

“Vidole vyangu vizee.”

“Vidole vizee, mdomo mzima.”

Walijaribu pia kuipunguza uzito ile kubwa. Waliifungua juu ya mkeka na kutoa safu mbili za vilimi, wakaipima kwenye mizani ya kuning’iniza ya mnunuzi mmoja wa korosho. Ilikuwa imepungua kilo moja na kidogo. Marehemu aliipiga, akasema inasikika kama mtu aliyeng’olewa meno, akavirudisha vilimi vyote.

Mwaka huu, mwezi wa Juni, Sadallah alileta kodiani nyekundu yenye besi arobaini na nane, ya vibonyezo, iliyotoka kwenye bendi iliyovunjika. Flora aliilipia. Waliipima. Kilo sita na robo. Mvukuto ulikuwa laini na mikanda ilimtosha. Marehemu aliigeuza huku na huku, akasema besi za chini hazipo, na bila hizo ule wimbo hauna sakafu. Akamwambia Sadallah airudishe.

Baba Stamili hakubishana naye mbele ya watu. Walipofika nyumbani alimwambia, na Flora alikuwapo akisikia:

“Baba Flora, wewe hutafuti kodiani. Hutaki mwenzio afike.”

Marehemu alivua kofia. Kisha akasema, “Akifika, jioni nitakwenda kumsalimia nani?”

“Na ukitangulia wewe,” alisema Baba Stamili, “atabaki pale anamsubiri nani?”

Siku ya pili yake marehemu alimtuma Flora kwa Sadallah kuichukua ile nyekundu.

Jumamosi ya tarehe 2 Agosti walikwenda konani: marehemu, Baba Stamili, Flora, na shemeji yake Theodora, mdogo wa Mama Flora. Baba Stamili alitaka waanzie mlangoni upya ili jambo liwe safi. Marehemu alikataa. Alisema, “Kipande kile amekwisha kutembea. Usimrudishe mtu nyuma.” Wakabishana tena, safari hii juu ya mahali wimbo ulipokatikia. Marehemu alisema ubeti wa pili. Theodora akasema, “Hapana, shemeji. Ulikuwa wa tatu, mwishoni. Mimi nilikuwa nimeshika pembe ya jeneza, ninaimba. Mdomo ulibaki wazi.”

Akaanzia mwisho wa ubeti wa tatu. Ni ajabu kusikia wimbo ukianzia pale, kama mlango unaofunguliwa na mtu ambaye tayari yuko ndani. Besi zilizokosekana alizitia Baba Stamili kwa koo lake, akitembea bega kwa bega naye, akinguruma taratibu wimbo wa kanisa ambao maneno yake hayajui. Marehemu alitembea polepole. Mara kadhaa hatua zilisimama, lakini mvukuto haukusimama. Alifika kaburini sauti ikiwa haijakatika, akaumaliza, akaufunga mvukuto, akakaa chini.

Jioni ile Flora alimuuliza kama amechoka. Alisema, “Nimepita konani nikirudi. Hapana mtu.”

Hakwenda tena pale. Aliketi nyumbani, kofia mapajani. Hatuwezi kusema kwamba alipata faraja, na wasifu huu hautasema hivyo. Alikuwa ametimiza neno lake, na baada ya hapo nyumba ilikuwa kubwa kwake. Alianza kuvimba miguu mwezi wa Septemba. Alilazwa Newala mara mbili, akaomba kurudishwa nyumbani. Alipokea sakramenti tarehe 17 Oktoba, na Jumapili ya tarehe 19 Oktoba 1997 asubuhi, Flora akiwa amemshika mkono, pumzi yake iliingia na haikutoka tena. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Marehemu ameacha watoto watatu: Flora, Nikolao na Bibiana, wajukuu saba, shemeji yake Theodora, na rafiki yake Abdulrazaki Sultani.

Kodiani ile nyekundu atapiga Baba Stamili, kutoka mlangoni hapa. Amewauliza viongozi wa dini zote mbili, nao hawakumkataza. Ana miaka sitini na saba, kifua chake nacho si kizima, na hapa Makote hakuna mwingine wa kumpokea. Kwa hiyo tunawaomba, ndugu zetu, twende kwa mwendo wake. Vijana mliobeba msimsukume. Mtu asimpe mkono wa pole njiani.

Mungu amfikishe salama Baba Flora, na ampe pumziko.