Kosa la Mara ya Tatu

Tangu gesi ionekane baharini, hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kila mtu ni mtaalamu. Kwenye benchi la Aiuba muuza kahawa, Nurdine tulimpa jina la Sonda, yaani mtambo wa kuchimba visima, maana kila jambo lazima alichimbe. Osvaldo, karani aliyehamishiwa huku kutoka Inhambane, ni Despacho, kwa Kireno hati iliyoidhinishwa. Hajawahi kutoa karatasi upesi. Asubuhi ile Sumaia, tunayemwita mana, yaani dada, alikaa nasi, kompyuta mapajani, uso umemshuka. Kazi yake ni kupitia marekebisho ambayo watu wa dunia nzima hutuma kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta. Yeye yuko sehemu ya kufuatilia matukio: humo ndani kimetokea nini, na lini.

Despacho: — Mana Sumaia, nani kafa?

Sumaia: — Hajafa mtu. Kuna mgeni, ndiyo kwanza anatutumia kazi. Nimemrudishia mara mbili kwa makosa mengine. Leo kaleta ya tatu, nayo ina kosa.

Sonda: — Kosa gani?

Sumaia: — Ufuatiliaji ukizimwa, msimbo wake bado unaandaa taarifa. Hakuna anayesikiliza, wenyewe unaendelea tu. Kompyuta inachoshwa bure.

Aiuba: — Kama Sonda.

Sonda: — Chekeni. Gesi mnadhani waliionaje? Meli zilipiga mshindo, zikasikiliza chini. Na hiyo kompyuta iacheni iseme! Pengine ina gesi.

Despacho: — Weka jina, mana, yaishe. Mimi napiga mihuri vitu ambavyo sijavisoma.

Aiuba: — Tunajua, chefe mkubwa.

Sumaia: — Jina langu pale ni kama la shahidi wa ndoa. Nikiliweka, nimesema nimeona. Nisipoliweka leo, toleo hili la kerneli linafungwa, atangoja lijalo. Na huyu hatangoja. Mwanzo alikuwa ananiandikia kwa furaha, sasa ananijibu neno moja moja. Nitampoteza.

Alima, binamu yake Aiuba aliyefika jana kutoka Mucojo, alikuwa anasuuza vikombe.

Alima: — Samahani, dada. Hilo kosa, mara ya kwanza halikuwepo?

Sumaia alirudi kwenye ujumbe wa zamani. Akasoma taratibu.

Sumaia: — Lilikuwepo.

Alima: — Na ya pili?

Sumaia: — Lilikuwepo.

Alima: — Sasa mbona hukumwambia?

 Despacho alichungulia kikombe chake kitupu.  Sumaia aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akatusomea kwa sauti ndogo:

— “Kosa hili lilikuwepo tangu mwanzo, mimi ndiye sikuliona. Nisamehe. Mistari miwili ya kulirekebisha nimekuandikia hapa chini. Ukiikubali, itume leo, nami nitaweka jina langu. Nakungoja.”

Akatuma. Aiuba, aliyekuwa ameanza kukusanya vyombo, akaviacha, akaongeza makaa chini ya birika ili tungoje naye.