Mama Darubini na Seli Zilizokosa Breki

Ndugu waombolezaji, anayesoma mbele yenu ni mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia, na dada aliagiza ugonjwa wake usifichwe, kwa ajili ya binti zake wawili, hivyo atakayeona haya na ainamishe kichwa, lakini asizibe masikio.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana, mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mtaani hapo mwaka 1975, akahitimu chuo cha maabara mwaka 1991, akaajiriwa hospitali ya wilaya, chumba cha mwisho kwenye korido, alikoinamia darubini mpaka watoto wa mtaa wakambatiza Mama Darubini. Tarehe 13 Agosti 1994 alifunga ndoa na fundi umeme, ambaye alipenda kumtania kwamba hana shoti hata moja, wakajaliwa mabinti hao.

Kazi yake ilikuwa kusoma vioo vya sampuli za mlango wa kizazi, na hata mezani hakuacha kutueleza habari za kirusi kile kidogo kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, iliyomuua yeye mwenyewe, kwamba hakiwezi kuzaliana chenyewe, kwa hiyo huingia ndani ya seli na kuwafunga walinzi wanaoiambia basi, inatosha, kwamba wengi wetu mwili hukifukuza, ila kwa wachache hukaa kimya miaka mingi, seli zikijigawa bila breki, na mwenye mwili anapika, anacheka, hana habari.

Lakini maabara walikuwa na desturi yao, kioo cha mwenzako wala cha mtu wa nyumbani kwake husomi, ni kumvunjia heshima, na hospitali nyingine ilikuwa mbali, basi kila mwaka dada akasema nitakwenda tu, akaokoa wake za watu, akajisahau mwenyewe.

Februari 2021 alianza kutokwa damu, akasingizia umri, na Juni, alipochukuliwa sampuli, kioo chake alikitazama mwenyewe, akaziona seli zilizokosa breki, akaenda kunawa mikono. Alitibiwa kwa mionzi, akadhoofu, akafariki wodini tarehe 3 Novemba 2022, saa nne asubuhi, na imetuuma sana.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, na wenzake wa maabara, ambao wameivunja desturi ile, kwani juzi binti mkubwa alimnong'oneza mama yake mdogo, huyu anayewasomea, kwamba naye anatokwa damu, na kwa ruhusa yake tunalisema, kioo chake kiko tayari mezani, na kesho mmoja wao atakaa kwenye kiti cha marehemu akisome.

Pumzika kwa amani, dada, sisi bado hatujashusha pumzi.