Mfongo Ulioziba Kichwani Mwangu

Mama zangu shikamooni, wenzangu hamjambo. Nimeombwa niseme kwa ufupi kabla ya wimbo. Mnanijua, nitajaribu.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza niliwekwa ndani kama desturi yetu. Miezi mitatu mzazi hashiki jembe, kazi yake kula na kulala. Mama mkwe alinihudumia hasa: asubuhi mtori wa ndizi na nyama, mchana maziwa, jioni mtori tena. Wiki ya pili kichwa kikaanza kuuma. Ndugu zangu, nawaambia, si kuuma kwa malaria. Nikilala kinazidi, nikiketi kinapungua kidogo. Nikanyamaza. Niliogopa majirani watasema mama mkwe hajui kutunza mzazi, nami nilimpenda mno, sikutaka kumwaibisha. Nikawa nameza mtori huku machozi yananitoka, namwambia ni moshi wa jikoni.

Baada ya siku chache nikaanza kuona kila kitu mara mbili. Akiingia mama mkwe, naona wakwe wawili! Chekeni tu, mmoja alikuwa ananitosha. Kisha mkono wa kulia ukalegea, nikaanguka kifafa mbele yake. Hapo uongo wangu ukaisha.

Wakanibeba kwa machela hadi hospitali, Moshi mjini. Nikapigwa picha ya kichwa, haikuonyesha kitu. Baba wadogo wa mume wangu wakasema, "Picha imekosa ugonjwa, basi huu si wa hospitali. Arudi nyumbani tuchinje mbuzi."

Lakini daktari alikuwa amenichungulia machoni kwa taa, akaona uvimbe nyuma ya macho. Akawaeleza kuwa picha ile huonyesha mifupa tu. Nairobi wanayo nyingine: wanachoma sindano shingoni, wanatia dawa kwenye damu, na dawa hiyo huonekana pichani inapopita. Hakuficha kwamba sindano yenyewe ina hatari. Wazee wakakataa. Mume wangu akainamisha kichwa.

Mama mkwe akauliza, "Mganga, unatafuta nini humo?"

"Mama, damu hupanda kichwani, kisha hushuka. Nadhani njia ya kushukia imeziba."

Baba yake mama mkwe alikuwa msimamizi wa mfongo, mfereji wetu wa kuleta maji mashambani. Mama mkwe akawageukia wale wazee, mashemeji zake. "Mfongo ukiziba mnachinja mbuzi, au mnaufuata mpaka mjue umeziba wapi?"

Akamfunga mtoto mgongoni, akaniambia, "Mwanangu, tunakwenda." Mzazi wa wiki nne! Desturi aliyoilinda maisha yake yote akaivunja mwenyewe.

Tukavuka mpaka pale Holili hadi Nairobi. Sindano ile iliuma, sitawadanganya. Daktari wa kule akatuonyesha picha: mishipa midogo imejaa na kujipindapinda, lakini mkubwa wa katikati, unaoshusha damu, hauonekani kabisa. Damu ilikuwa imeganda humo. Nikachomwa sindano za kuzuia isigande zaidi, siku baada ya siku, hadi maumivu yakapungua na mkono ukapata nguvu. Jicho la kushoto halikupona.

Nawashukuru madaktari wale, na mume wangu aliyenisubiri. Mama mkwe namshukuru kuliko wote. Tuliporudi aliniuliza jambo moja tu, akilia: "Kwa nini hukuniambia mimi?"

Daktari alisema ningewahi, pengine jicho lingepona. Kwa hiyo kabla hatujaimba, mama yeyote aliyejifungua juzijuzi na kichwa kinamuuma, ainue mkono. Usimtazame mama mkwe wako. Nitazame mimi.